Pumzi Baada ya "Mama"

Usiku wa kumi na moja wa majaribio, jukwaa lilikwama.
Liligeuka nusu, likakoroma, likasimama,
bandari nzima ya Duluth ikatupa ubavu:
mbao tupu, misumari, nyaya,
na kijana wa mitambo mdomo umejaa mkate.
Corinne Vasallo alimtazama. Kisha akatutazama sisi.
"Subirini," akasema, "meli inatia nanga."
Ukumbi mzima tukacheka,
isipokuwa Irving Mandelkern, safu ya ishirini, pembeni,
ambaye hacheki kwa tikiti ya dola mia na sabini.

Sasa tuko mgahawani, Barabara ya Tisa.
Supu inapoa, maneno yanachemka.

"Wameikwangua hadi mfupa," Irving anasema.
"Wapigaji kumi na mmoja! Mwaka wa sitini na tatu
walikuwa ishirini na wanane. Nilikuwa na miaka tisa,
nimesimama nyuma kabisa na mama,
tarumbeta zikanipiga hapa."
Anajigonga kifua, kijiko kinaruka.

"Wewe huji kutazama mchezo," Rosalba anamwambia.
"Waja kumzuru mama yako."
Rosalba ni muuguzi wa zamu za usiku,
hana tabia ya kupuliza kabla ya kuchoma.

Kimya. Mhudumu anamimina kahawa ambayo hatukuagiza.

Desmond, mdogo wetu, yuko upande wa nyota.
Anasema jina lake ndilo limelipa kodi ya ukumbi,
bila yeye pangekuwa na giza mlangoni na kufuli,
nasi tungekuwa hapa tunabishania mvua.
"Jina haliimbi," Irving anajibu.
"Alhamisi lile jina lilipougua akaingia mbadala,
Marisol Quade, sijui hata kama ana mtu wa kumbebea mkoba,
sauti ikapanda mpaka kwenye vumbi la taa.
Na nusu ya watu walishatoka kudai pesa zao!"

Mimi? Nimeiona mara nne.
Nimeona wimbo wa barua ukihamishwa mwisho kuletwa mwanzo,
kisha ukarudishwa, kisha ukakatwa ubeti.
Nimemwona mwongozaji amesimama ngazini, anatafuna kalamu
kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.
Ile noti ya juu wameishusha, na bado haifikii.
Kila usiku anairukia, kila usiku anashika hewa,
na kila usiku mimi hukunja vidole vya miguu ndani ya viatu
kana kwamba nitamsaidia.
Sikuwaambia. Niliomba chumvi.

Saa tano na nusu tulirudi kwenye mlango wa nyuma, kwenye mvua,
tukisema hatuendi kwa ajili yake, ni njia tu ya kwenda kituoni.
Alitoka na kofia ya sufu, mfupi kuliko tulivyomjua.
Akatia sahihi vitabu vya onyesho vilivyolowa,
wino ukitawanyika. Akafika kwa Irving,
ambaye hakuwa na kitabu wala kalamu.
Sijui aliona nini usoni mwake.
"Ile noti," akasema. "Niambie ukweli."

Desmond aliangalia viatu. Rosalba alinishika mkono.
Nikajua huyu mzee sasa atamwaga mtama,
saa mbili nzima za mgahawani, na chenji.

Irving alikohoa.
"Unavuta pumzi baada ya 'mama'," akasema, polepole.
"Usivute pale. Vuta kabla.
Yule wa kwanza alivuta kabla. Nilihesabu.
Mama yangu naye alikuwa akivuta kabla,
alipouimba akiosha vyombo."

Vasallo hakucheka, wala hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
Aligeuza kiganja, akaandika neno moja na kalamu ya sahihi,
akafunga ngumi mvua isilifute,
akaingia garini.

Tulitembea mpaka kituoni tukibishana tena,
safari hii juu ya mavazi.
Tikiti yangu ni ya Jumamosi.
Irving amenunua ya kesho, balkoni, ya kusimama,
na anasema ni ghali mno.